UZI: Li Zicheng, tarishi aliyepunguzwa kazini akaiangusha nasaba ya Ming, kisha Beijing ikamponyoka ndani ya siku arobaini

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Humu jukwaani tukiitaja China na mapinduzi, wengi huanzia kwa Mao na Safari Ndefu. Leo turudi nyuma zaidi, miaka mia tatu kabla yake, kwa mtoto wa mkulima wa kaskazini mwa Shaanxi aliyeitwa Li Zicheng. Huyu aliingia Beijing Aprili 1644, mfalme akajinyonga, na nasaba ya Ming iliyotawala tangu 1368 ikaishia hapo. Siku arobaini hivi baadaye alikuwa mbioni, na kiti alichokiacha kikakaliwa na Wamanchu, watu wa kaskazini mashariki waliokuwa wakipigana na Ming, mpaka 1912.

Wanaoisimulia habari hii hupenda kusema alilewa ushindi, au kwamba mwanamke mmoja mrembo ndiye aliyeharibu kila kitu. Mimi naona tofauti, na ndiyo maana nimeanzisha uzi huu. Li Zicheng aliangushwa na ahadi ileile iliyompandisha. Aliwaahidi wakulima kwamba hawatalipa kodi, nao wakamfungulia malango. Lakini jeshi linakula kila siku, na asiyekusanya kodi lazima apate chakula cha askari wake mahali pengine. Hapo pa kupata pengine ndipo alipopotelea.

Twende taratibu.

Alizaliwa 1606 wilaya ya Mizhi. Ni nchi ya vilima vya udongo wa manjano, ardhi inayobomoka na kuchimbika mabonde kila mvua kubwa inaponyesha, na mvua yenyewe ni ya kubahatisha. Utotoni alichunga mifugo ya watu. Alipokuwa kijana akapata ajira kwenye kituo cha matarishi.

Hivi vituo ni muhimu sana kuvielewa. Serikali ya Ming ilikuwa imetandaza vituo katika barabara kuu zote, na kila kituo kina farasi, wapanda farasi, malazi na jiko. Barua za serikali zilipokezanwa kutoka kituo hadi kituo usiku na mchana, na maofisa waliokuwa safarini walipumzika humo. Kwa kijana asiye na shamba hiyo ilikuwa kazi ya kushukuru Mungu: posho kidogo, chakula, na juu ya yote ujuzi wa farasi na wa njia za mkoa mzima.

Mwaka 1627 Chongzhen akatawazwa akiwa na umri wa miaka 16. Alirithi hazina tupu. Vita na Wamanchu kaskazini mashariki vilikuwa vinameza fedha, na tangu 1618 wakulima walibebeshwa kodi ya ziada kwa ajili ya vita hivyo, ikapandishwa tena na tena. Mwaka 1629 ofisa mmoja, Liu Mao, akapendekeza vituo vya matarishi vipunguzwe. Sababu zake hazikuwa mbaya: wakubwa walivitumia kusafirisha mizigo na jamaa zao bure, na wenyeji ndio waliobeba gharama. Mfalme akakubali. Badala ya kuwabana wakubwa, kisu kikawashukia matarishi, na maelfu wakapoteza kazi.

Sasa angalia wamepoteza kazi wakati gani. Shaanxi ya kaskazini ilikuwa kwenye ukame mkali. Mwaka huohuo wa 1629 Ma Maocai, ofisa mzaliwa wa eneo la Yan'an, alimwandikia mfalme taarifa ambayo imehifadhiwa hadi leo. Anaeleza kwamba watu walianza kwa kula magugu machungu ya milimani. Magugu yalipoisha wakahamia magome ya miti. Magome yalipoisha wakachimba mawe laini milimani wakayala, na baada ya siku chache matumbo yakavimba wakafa. Anaeleza pia watoto wanaotelekezwa nje ya kuta za mji, na kwamba mtu aliyetoka nje ya ukuta peke yake aliweza kutoweka kabisa. Na katikati ya hali hiyo watoza ushuru hawakusimama. Kaya iliyobaki na mtu mmoja ilidaiwa kodi ya kaya zote zilizokwisha kimbia.

Ukiisoma taarifa ile huulizi tena kwa nini watu waliasi. Unauliza wachache waliobaki bila kuasi walikuwa wanasubiri nini.

Simulizi za Mizhi zinasema Li Zicheng alikuwa na deni kwa tajiri wa ukoo wa Ai, akafungwa mbao shingoni na kuanikwa juani, na baadaye akaua mtu na kutoroka. Habari za aina hii huongezewa chumvi kadiri miaka inavyopita, kwa hiyo sitazijengea hoja. Lililo wazi ni kwamba kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1630 alikuwa miongoni mwa waasi, na hakuwa amekwenda mikono mitupu: alijua farasi na alijua barabara.

Inaendelea...

#2 Mdau

Mkuu nimeweka kambi hapa. Swali la haraka: serikali yenye jeshi la mamia ya maelfu ilishindwaje kuwamaliza watu wenye njaa mapema, kabla hawajawa jeshi?

#3 Mleta uzi

Swali zuri ndugu yangu, na jibu lake lina pande mbili.

Kwanza, askari wenyewe walikuwa na njaa. Vikosi vya mpakani Shaanxi vilidai malimbikizo ya mishahara ya muda mrefu, na wengi wao waliposhindwa kuvumilia waliungana na walewale waliotumwa kuwapiga. Kwa hiyo uasi haukuwa wa wakulima peke yao. Kulikuwa na wanajeshi waliotoroka, matarishi waliopunguzwa, wafuga farasi, watu waliojua kupigana. Ndiyo maana haukuzimika kama ghasia za kawaida za njaa.

Pili, serikali ilijaribu msamaha. Gavana mkuu Yang He aliona mbali: alisema hawa ni raia wenye njaa, wapewe chakula warudi mashambani. Mfalme akatoa wakia 100,000 za fedha kwa kazi hiyo. Kwa mkoa ulioungua kiasi kile, hizo hazikutosha hata kidogo. Watu walijisalimisha, wakapewa cheti na chakula cha muda mfupi, kikaisha, wakarudi porini. Yang He akalaumiwa na kuondolewa mwaka 1631. Baada yake wakaja majemadari wa mkono wa chuma, kama Hong Chengchou.

Hapa mimi namtetea Yang He. Aliujua ugonjwa, akanyimwa dawa.

Msimu wa baridi wa 1633 Mto Manjano uliganda, waasi wakavuka juu ya barafu kuingia Henan. Kuanzia hapo serikali ilikuwa inakimbiza moto mikoa mitano kwa wakati mmoja. Mapema 1635 kundi moja likafika Fengyang na kuyachoma makaburi ya wazazi wa Zhu Yuanzhang, mwasisi wa Ming. Tukumbuke Zhu Yuanzhang mwenyewe alikuwa mtoto wa mkulima fukara, aliyepoteza wazazi kwa njaa na tauni, akaomba chakula barabarani, akajiunga na waasi na kuishia kuwa mfalme. Nasaba iliyoanzishwa na mtu wa aina hiyo ilikuwa sasa inawakatalia wakulima punje za ghalani. Chongzhen alipopata habari za Fengyang alivaa nguo za msiba.

Kiongozi mkubwa wa waasi wakati huo alikuwa Gao Yingxiang, aliyejiita Chuang Wang, yaani Mfalme Mvamizi. Mwaka 1636 alinaswa na jemadari Sun Chuanting, akapelekwa Beijing na kuuawa. Jina hilo la Chuang Wang likachukuliwa na Li Zicheng, na ndilo wakulima wa kaskazini walilomjua nalo hadi mwisho.

Miaka miwili iliyofuata ilikuwa ya kupigwa tu. Kufikia 1638 alikuwa amesambaratishwa. Inasimuliwa kwamba alitokomea milimani mpakani mwa Shaanxi na Henan akiwa na wapanda farasi 18. Wanahistoria wengine wanaitilia shaka hiyo idadi, ila wote wanakubaliana kwamba wakati ule hakuna aliyemhesabu tena. Hata mwenzake Zhang Xianzhong alikuwa amejisalimisha kwa muda.

#4 Mdau

Hebu tufikishe Henan mkuu. Hapo ndipo nasikia mambo yalibadilika.

#5 Mleta uzi

Ndiyo. Na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo Li Zicheng alipogeuka kutoka mwasi wa kukimbia-kimbia kuwa mtu wa kutaka dola.

Mwishoni mwa 1640 aliingia Henan na kikosi kidogo. Alikuta mkoa umeliwa na ukame na nzige miaka mfululizo. Watu walimmiminikia kwa makumi ya maelfu. Wakaja na wasomi pia, waliokosa nafasi serikalini: Niu Jinxing, aliyekuwa amefaulu mtihani wa ngazi ya mkoa, na Song Xiance, mpiga ramli. Hao walimpa kitu ambacho hakuwa nacho, yaani lugha ya utawala. Ndipo ikatoka ile kaulimbiu ya kugawa ardhi sawa na kufuta kodi ya nafaka. Watoto wakafundishwa vibwagizo vya kuimba vijijini kwamba fungueni malango, Chuang Wang akija hakuna atakayetoa nafaka.

Halafu mji wa Luoyang, hukohuko Henan, mwanzoni mwa 1641.

Ndani ya Luoyang aliishi Zhu Changxun, mwanamfalme wa Fu, ami yake Chongzhen. Baba yake, mfalme Wanli, alimpenda kupita wanawe wote na alitaka kumpa mashamba ya ukubwa wa qing 40,000. Maofisa wakapinga sana, ikapunguzwa hadi qing 20,000. Qing moja ni zaidi ya hekta 6, kwa hiyo tunazungumzia zaidi ya hekta laki moja kwa mtu mmoja, huku watu wa Henan wanakufa njaa. Waziri mstaafu Lü Weiqi alimsihi afungue maghala, awape askari na raia chakula, angalau kwa faida yake mwenyewe. Akakataa. Askari wa ukutani, ambao walikuwa wanapita mbele ya kasri lenye nafaka wakiwa na matumbo matupu, wakaasi. Mji ukaanguka.

Mwanamfalme aliuawa. Ile habari kwamba alipikwa pamoja na nyama ya paa imeenea sana, lakini haina ushahidi wa kuaminika na mimi siisambazi. Kisa chenyewe kinatosha. Maghala yalifunguliwa, nafaka na fedha zikagawiwa kwa wenye njaa, na habari hiyo ilikwenda kasi kuliko farasi yeyote wa kituo cha matarishi. Kuanzia siku ile miji ilianza kumsubiri.

Historia rasmi ya Ming, ambayo iliandaliwa na watumishi wa Wamanchu na kwa hiyo haina sababu ya kumsifu, inakiri kwamba hakupenda pombe wala wanawake na alikula chakula kibovu kilekile cha askari wake. Inaeleza pia nidhamu yake: askari haruhusiwi kuficha fedha, haruhusiwi kulala kwenye nyumba za watu wakipita mjini, na anayeacha farasi wake akanyage mazao shambani anakatwa kichwa.

#6 Mdau mwingine

Mleta mada, naona unampamba. Huyu alikuwa jambazi kama wengine. Mbona hujaitaja Kaifeng? Watu walikufa kama nzi pale. Na wenzake aliowaua je?

#7 Mleta uzi

Nakushukuru kwa kuligusa, na sitalikwepa.

Kaifeng, mji mkuu wa Henan, ilizingirwa mara tatu kati ya 1641 na 1642. Mara ya kwanza Li Zicheng alipigwa mshale wa jicho, na jicho hilo la kushoto halikupona. Mzingiro wa tatu ulidumu miezi. Ndani watu walikula ngozi, wakala visivyosemeka. Mwishowe kingo za Mto Manjano zikabomolewa. Jeshi la Ming lilitaka kuwazamisha waasi, waasi nao wakabomoa upande wao, na lawama za kila upande zinabishaniwa hadi leo. Maji yaliingia mjini na kufagia mamia ya maelfu ya watu. Mji wenye wakazi wapatao 370,000 ukabaki na sehemu ndogo tu ya watu hao. Li Zicheng ndiye aliyeuzingira, na damu hiyo haiwezi kumkwepa.

Na wenzake, ni kweli. Mwaka 1643 huko Xiangyang alimuua Luo Rucai, mwasi mwenzake wa miaka mingi, akachukua askari wake. Alitaka jeshi lenye kichwa kimoja.

Ninachokataa ni neno jambazi kama maelezo ya kila kitu. Jambazi hagawi nafaka ya Luoyang, wala hateui wakuu wa wilaya. Na jambazi hafunguliwi malango na watu wasiomjua. Mtu anaweza kuwa mkombozi wa mji mmoja na janga la mji mwingine katika mwaka uleule. Kwa wakulima wa Henan alikuwa yote mawili, na tukimsimulia kwa upande mmoja tunawaonea wao zaidi kuliko yeye.

#8 Mdau

Hapo nimekuelewa. Shusha Beijing sasa.

#9 Mleta uzi

Vuli ya 1643 Sun Chuanting, jemadari yuleyule aliyemkamata Gao Yingxiang, alilazimishwa na mfalme kutoka Shaanxi kwenda kushambulia kabla hajawa tayari. Mvua ikanyesha mfululizo, mikokoteni ya chakula ikakwama kwenye tope, jeshi likashindwa Ruzhou. Sun akafia Tongguan. Lilikuwa jeshi la mwisho la maana la Ming upande ule. Xi'an, mji mkuu wa Shaanxi, ikaanguka Novemba, na tarehe 8 Februari 1644 Li Zicheng akatangaza pale nasaba mpya, Da Shun. Mtoto wa Mizhi aliyechunga mifugo ya wengine sasa alikuwa na mihuri, mawaziri na sarafu zake.

Safari ya kwenda Beijing ilikuwa nyepesi kupita kiasi. Pale Ningwu tu ndipo jemadari Zhou Yuji alipopigana hadi kufa na kumtia Li hasara kubwa. Baada ya hapo Datong ikajisalimisha, Xuanfu ikajisalimisha, na lango la Juyong katika Ukuta Mkuu likafunguliwa.

Beijing yenyewe ilikuwa imepigwa na tauni mwaka uliotangulia. Askari wa ukutani walikuwa wachache, hawajalipwa, wengine wanalala chini hawawezi kuinuka. Chongzhen aliwaomba ndugu na mawaziri wachangie mishahara ya askari. Zhou Kui, baba mkwe wake mwenyewe, alilia umaskini na kutoa kama wakia 10,000 baada ya kubembelezwa. Waasi walipoingia na kupekua nyumba yake walikuta mamia ya maelfu.

Alfajiri ya tarehe 25 Aprili mfalme alipanda kilima kilicho nyuma ya kasri akajinyonga, akiwa na towashi mmoja tu, Wang Cheng'en. Mchana Li Zicheng akaingia mjini juu ya farasi wa madoadoa, amevaa kofia ya sufi na joho la samawati hafifu. Wakazi walibandika milangoni karatasi za kumkaribisha.

Siku za mwanzo askari walishika nidhamu. Halafu ikaja hesabu.

Jeshi kubwa limejaa mjini. Mikoa iliyotekwa imeahidiwa kutolipa kodi kwa miaka mitatu. Hazina ya Ming haikuwa na kitu cha kulisha jeshi lile kwa muda mrefu. Fedha zitoke wapi? Jibu la Da Shun likawa: kwa waliozila, yaani maofisa wa Ming. Kimsingi kulikuwa na haki ndani yake, na mkulima wa Shaanxi angepiga makofi. Kazi akapewa Liu Zongmin, mhunzi wa zamani, jemadari aliyeaminiwa kuliko wote. Kila cheo kikapangiwa kiwango, mawaziri wakuu wakidaiwa wakia 100,000 kila mmoja. Asiyetoa alibanwa miguu na vidole kwa mbao mpaka mifupa ivunjike. Walifia humo wezi, na walifia humo wasio na kitu. Kisha msako ukashuka kwa wafanyabiashara na watu wa kawaida, na askari waliokuwa wakitishiwa kukatwa kichwa kwa kukanyaga mazao wakaanza kuingia majumbani.

Hapo ndipo naona kosa lilipo. Alikuwa na miezi kadhaa tangu Xi'an. Angeweza kutoza kodi ndogo na ya haki katika mikoa aliyoishika, akaeleza kwa nini, na watu waliomwamini Luoyang wangelipa. Hakufanya hivyo. Alitaka abaki Chuang Wang wa vibwagizo vya watoto huku akikaa kwenye kiti cha mfalme, na mambo hayo mawili yalidai fedha kwa njia zinazopingana. Maofisa ambao angewahitaji kuendesha nchi walikuwa ama wamelemaa, ama wamekufa, ama wanamwombea mabaya. Na mmoja wa waliokamatwa alikuwa mzee Wu Xiang.

#10 Mdau mwingine

Huyu ni baba yake Wu Sangui si ndiyo? Mimi nilifundishwa kwamba Wu alifungua lango kwa Wamanchu kwa sababu ya yule suria wake, Chen Yuanyuan.

#11 Mleta uzi

Ndiye, mkuu. Wu Sangui alikuwa na jeshi bora la Ming lililobaki, pale Shanhaiguan, mahali Ukuta Mkuu unapokutana na bahari. Li Zicheng alimtumia ujumbe ajisalimishe. Na Wu alikubali! Aliliacha lango mikononi mwa wengine na kuanza safari ya kwenda Beijing. Njiani akapata habari kwamba baba yake amekamatwa na anateswa ili atoe fedha. Akageuza farasi, akalirudia lango na kulitwaa.

Inasemekana Chen Yuanyuan alichukuliwa na Liu Zongmin, na washairi wamelishikilia hilo kwa karne nyingi kwa sababu linapendeza masikioni. Huenda lilimuuma kweli. Lakini fikiria kama jemadari: unakwenda kumtumikia mtawala mpya, unasikia kila mwenye cheo kama chako anavunjwa miguu ili atoe fedha. Hata usingekuwa na suria, ungeendelea na safari? Mambo haya hupenda kusukumiwa mwanamke ili wanaume wenye maamuzi wasiulizwe.

Wu akamwandikia Dorgon, mwana wa ukoo wa kifalme aliyewaongoza Wamanchu kwa niaba ya mfalme mtoto. Mwanzoni aliomba msaada tu. Dorgon akataka unyenyekevu kamili, akaupata.

Li Zicheng alitoka mwenyewe kwenda Shanhaiguan, akimchukua Wu Xiang na mwana wa mfalme wa Ming. Tarehe 27 Mei 1644 wakapigana siku nzima. Jeshi la Wu lilikuwa linaelemewa. Dhoruba ya mchanga ikavuma, na ilipotulia wapanda farasi wa Kimanchu walikuwa wameshatoka ubavuni. Jeshi la Shun lililoivuka China nzima likavunjika mchana mmoja. Li akamuua Wu Xiang, akarudi Beijing akaua na familia yake. Tarehe 3 Juni akatawazwa haraka haraka, na siku ya pili akauacha mji, kasri likiwaka moto.

Dorgon alipofika, wakazi walitoka kumpokea wakidhani ni Wu anamrudisha mwana wa mfalme. Walimkuta Mmanchu. Na kitu cha kwanza alichoagiza Dorgon kilikuwa siku tatu za maombolezo ya Chongzhen, kisha akawarudisha maofisa kazini kwenye vyeo vyao na kuzifuta zile kodi za ziada za vita. Alibakiza kodi ya kawaida. Angalia tofauti hiyo wakuu.

#12 Mdau

Mwisho wake ulikuwaje? Na ni kweli alikuwa mtawa akaishi miaka mingi?

#13 Mleta uzi

Alirudi Shaanxi. Mapema 1645 Tongguan ikaanguka, akaiacha Xi'an, akashuka kusini hadi Wuchang huku akipoteza watu kila kituo. Katikati ya 1645, kwenye milima ya Jiugong, wilaya ya Tongshan mkoani Hubei, alikuwa ametangulia na watu wachache akashambuliwa na wanamgambo wa kijiji. Waliomuua walikuwa wakulima wanaolinda mavuno yao dhidi ya mtu mwenye silaha wasiyemjua. Hakufikisha miaka 40.

Jemadari wa Kimanchu Ajige aliripoti kwamba mwili ulikuwa umeoza kiasi cha kutotambulika. Hapo ndipo ilipopata nafasi ile habari ya mtawa, kwamba alijificha hekaluni Shimen, Hunan, akafa mzee. Ninaamini Jiugong. Mtu kama yeye akiwa hai, majemadari wake wasingekwenda kuomba hifadhi kwa Ming.

Maana ndivyo ilivyokuwa. Mpwa wake Li Guo na shemeji yake Gao Yigong waliungana na mabaki ya Ming kusini, maadui wa jana, ili wawapige Wamanchu pamoja. Wale wasomi wa Ming hawakuacha kuwaita majambazi, wakawanyima chakula na vyeo, na wao wakaendelea kupigana. Wa mwisho, Li Laiheng, mtoto wa kulea wa Li Guo, alishikilia milima ya mpaka wa Hubei na Sichuan hadi 1664. Ni miaka ishirini baada ya Beijing. Kwangu mimi hao ni sehemu ya maisha ya Li Zicheng kabisa, kwa sababu watu hawapigani miaka ishirini kwa ajili ya jambazi aliyekufa.

#14 Mdau mwingine

Umetaja Mao mwanzoni. Alikuwa na maoni gani juu yake?

#15 Mleta uzi

Alimchukulia kwa uzito sana. Mwaka 1944, miaka 300 baada ya anguko la Ming, Guo Moruo aliandika makala ndefu kuhusu kushindwa kwa Li Zicheng, na Mao akaagiza wanachama waisome huko Yan'an, ambako si mbali na Mizhi. Machi 1949, wakiondoka kijiji cha Xibaipo kuhamia Beijing, alimwambia Zhou Enlai kwamba wanakwenda kufanya mtihani, na kwamba wao hawatakuwa Li Zicheng.

Makala ile inaweka mkazo kwenye kiburi na starehe za washindi. Mimi nimeshasema mkazo wangu uko kwenye kodi, na aliye na hoja ya kunipinga ailete, tujadili.

Kuna waliouliza inboksi kuhusu Zhang Xianzhong na yaliyotokea Sichuan. Hiyo ni habari nyingine na ngumu zaidi, ina uzi wake, nitauleta.